Kusimamia na Kuongoza: Lugha ya Mwili katika Kazi, kutoka Machimbo ya Lupa hata Makongolosi ya Leo

Lugha ya mwanadamu haikai ulimini peke yake. Mtu huweza kuamuru kwa jicho, kukataa kwa bega, kudharau kwa mgongo na kutii kwa goti, wala asitamke neno. Katika kazi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kazini watu hukutana wakiwa na miili yao: mmoja amesimama, mwingine ameinama, mmoja ameshika fimbo, mwingine ameshika sururu, mmoja yu kivulini, mwingine yu shimoni. Basi mwenye kutaka kuijua historia ya kazi katika Tanzania, akasoma sheria na hesabu za mishahara tu, atapata nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika namna wakubwa walivyosimama mbele ya wadogo, na namna wadogo walivyojifunza kuusoma msimamo ule, kuuvumilia, na mwishowe kuukataa.

Kiswahili chenyewe kinatoa ushahidi. Mtu aliyewekwa juu ya kazi za wenzake huitwa msimamizi, na kazi yake ni kusimamia. Maana yake ya asili ni kusimama juu ya jambo au juu ya mtu. Lakini liko neno la pili, nalo ni kuongoza, ambalo asili yake ni kuwatia watu katika njia na kwenda nao. Anayesimamia aweza kukaa mahali pamoja siku nzima. Anayeongoza hana budi atembee. Maneno haya mawili hutumiwa leo kana kwamba ni mamoja, hata hivyo yanabeba picha mbili za mwili, na historia ya kazi katika Nyanda za Juu Kusini yaweza kuelezwa kama ushindani wa picha hizo mbili.

Makongolosi ni mahali pafaapo kuanzia uchunguzi huo. Mji huu umo katika wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya, kilomita 39 hivi kutoka mji wa Chunya kwa barabara iendayo Rungwa na Itigi. Nchi yake ni ya miombo, yenye ukame mrefu, nayo ni sehemu ya machimbo ya Lupa, yaliyochukua jina la mto Lupa. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1922. Kwa miaka kadhaa wachimbaji walikuwa wachache, lakini Uingereza ilipoacha kuifunga fedha yake na dhahabu mwezi wa Septemba 1931, bei ya madini hayo ilipanda, na Marekani ilipoiweka katika dola 35 kwa aunsi mwaka 1934, watu walimiminika. Mamia ya Wazungu, Waingereza na Makaburu wa Afrika ya Kusini na wengineo, walikuja kutafuta bahati yao; na nyuma yao wakaja maelfu ya vibarua wa Kiafrika. Kabla ya miaka ya 1930 kwisha, dhahabu ilikuwa ya pili baada ya katani katika mali zilizouzwa nje na Tanganyika.

Vibarua hao hawakufika mikono mitupu kwa habari ya adabu. Kila mmoja alikuja na elimu aliyolelewa nayo juu ya namna ya kusimama mbele ya mkubwa. Katika makabila mengi ya nchi hiyo kijana humwamkia mzee akiwa amejishusha, na mwanamke hupiga goti. Hata salamu ya Waswahili, iliyoenea bara yote, ni picha ya mwili: shikamoo hufasiriwa kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, na marahaba ndiyo kibali chake. Yafaa ikumbukwe kwamba salamu hii haiishi mpaka imejibiwa. Mdogo hujishusha, na mkubwa hulazimika kumpokea. Mkubwa asiyeitikia shikamoo huhesabiwa kuwa ndiye aliyekosa adabu.

Miongoni mwa Wanyakyusa, ambao wengi wao walikwenda Lupa kutafuta fedha za kodi na za mahari, adabu ya mwili ilitengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi kati yao katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica Wilson kilichotolewa mwaka 1951 kinaeleza vijiji vyao vya marika. Wavulana walipofika miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao kando, wakakua pamoja. Mke wa mwana alipaswa kumwepuka baba mkwe, hata asionane naye. Lakini ndani ya rika lenyewe watu walikaa sawa, wakala pamoja na kuzungumza pamoja, na tabia hiyo ya kufurahiana waliiita ukwangala. Kwa hiyo Mnyakyusa alijua mikao miwili: mkao wa heshima mbele ya wakubwa na wakwe, na mkao wa usawa kati ya wenzi.

Tena mkubwa hakuachwa huru. Wanyakyusa waliamini kwamba mtu aliyeikosea jamaa yake, hata akiwa mkubwa, aliweza kupatwa na ugonjwa kwa ajili ya manung'uniko ya majirani, na nguvu hiyo waliiita pumzi ya watu. Hapana haja ya kubishana kama pumzi hiyo iliumiza kweli. Jambo la maana ni fundisho lililomo. Mwili wa mkubwa, ambao wengine waliuinamia, uliwekwa chini ya hukumu ya vinywa vya wale wale walioinama. Wahenga wa pwani walisema neno lililo karibu na hilo: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Isisemwe, hata hivyo, kwamba zamani zile zilikuwa za haki tupu. Goti la mwanamke lilipigwa mara nyingi kuliko la mwanamume, na kijana aliweza kungoja miaka mingi kabla hajapata ng'ombe wa kuolea. Wala watawala hawakukosa kutumia hofu. Kaskazini ya nchi ya Lupa, katika Ukimbu, Nyungu ya Mawe alijenga dola yake katika miaka ya 1870 kwa nguvu za rugaruga, na sifa yake ya ukali, pamoja na uso wake wa chongo, ilimtangulia kila alikokwenda. Lakini alipofariki mwaka 1884, aliyemrithi alikuwa mwanamke wa nyumba yake, Mugalula, na dola haikuvunjika. Jambo hili ni la kutafakari. Kama utii wa watu ungalikuwa umefungwa na uso ule wa kutisha peke yake, ungalizikwa pamoja nao. Uso ulikuwa umeanza kazi, lakini kilichoiendeleza ni mpango wa watu waliowekwa katika nchi, na mazoea ya kutoa na kupokea kati yao na raia.

Ushahidi mwingine hutoka katika misafara ya karne ya 19, ambayo huenda ndiyo kazi kubwa ya kwanza ya ujira katika bara hii. Mpagazi alikuwa mfanyakazi, aliyepatana posho na malipo, na njia ndiyo iliyokuwa mahali pake pa kazi. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, na jina hilo ni ndugu wa neno kiongozi. Wasafiri wa Kizungu walimweleza kuwa mtu aliyejipamba kwa nguo nyekundu na manyoya kichwani, mwenye kuchukua bendera. Naye alikuwa na mzigo wake, ingawa mwepesi kuliko ya wengine. Mapambo yake yalikuwa ishara ya kuonekana kwa mbali, ili aliye nyuma ajue njia inakogeukia. Mwili wake ulikuwa ndio amri: akisimama, msafara husimama, akiutua mzigo, mizigo yote hutuliwa.

Pamoja naye alikuwako mnyampara. Neno hili ni la Wanyamwezi, na katika misafara lilikuwa jina la mkubwa wa kikosi cha wapagazi. Huyu aliwajua watu wake, mara nyingi walikuwa wa kwao, na aliwasemea mbele ya tajiri pindi posho ilipopungua. Ni ajabu ya historia kwamba neno hilo hilo, baada ya kupita katika mashamba na migodi ya wakoloni na kuwa mnyapara au nyapara, liligeuka kuwa karibu na tusi. Mnyampara wa njiani alikuwa mdomo wa watu mbele ya tajiri. Nyapara wa shambani akawa jicho la tajiri juu ya watu. Jina lilibaki, lakini mwili uligeuza uso.

Wadachi walizidisha jambo hilo kwa kiboko. Adhabu ya viboko ishirini na vitano ilikuwa ya kawaida kiasi cha watu kuwapa watawala hao jina la watu wa hamsa ishirini. Katika Iringa, ambako Mkwawa alikuwa amelishinda jeshi la Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, vita viliendelea hata alipojiua mwezi wa Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Na washindi walikichukua kichwa chake. Watawala walijua vema kwamba mwili wa kiongozi ni neno. Fuvu lile likatajwa katika mapatano ya Versailles mwaka 1919, likarudishwa Kalenga na Gavana Twining mwezi wa Juni 1954. Hata mifupa ilikuwa na maneno ya kuwaambia Wahehe, na waliokaa mbali nayo kwa miaka zaidi ya hamsini hawakuyasahau.

Utawala wa Waingereza ulipunguza kiboko lakini haukuondoa mkao wake. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilihesabu kutoroka kazini kuwa kosa la jinai, na kibarua alipewa kipande, karatasi yenye siku thelathini za kukamilisha, ambayo siku iliyofanywa kazi ilitiwa alama. Mwenye kutia alama ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kwa hiyo kila asubuhi kibarua alisimama mbele ya mtu ambaye kwa mkono mmoja aliweza kuifanya siku nzima ya jasho iwe siku, au isiwe. Ishara ndogo ya kalamu ikawa na nguvu kuliko hotuba.

Katika Lupa hali hiyo ilipata sura yake. Migodi mikubwa ya miamba, kama ule wa Saza, ilikuwa michache. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ya mchanga na kokoto za mabonde. Mchimbaji wa Kizungu mara nyingi alikuwa mtu wa mtaji mdogo, mwenye hema au kibanda, na vibarua wake walifanya kazi mbele ya macho yake. Maji yakiwa haba, mchanga ulipepetwa kwa vyombo vya upepo vilivyotikiswa kwa mkono, na vumbi likawafunika wote. Punje ya dhahabu ni ndogo, hufichika chini ya ukucha au ulimi; kwa hiyo jicho la msimamizi halikutulia juu ya kazi tu, lilitulia juu ya vidole na vinywa. Kibarua alijua kwamba anatazamwa kama mwizi kabla hajaiba. Hii ni dhuluma isiyoandikwa katika kipande.

Lugha nazo zilikuwa nyingi. Mnyakyusa, Msafwa, Mnyiha, Mbungu, Mkimbu na mtu wa Nyasaland walikutana katika bonde moja, na Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa bado kigeni, ndicho kilichowaunganisha. Kiswahili cha mchimbaji kilikuwa cha amri fupi: chimba, beba, tikisa, haraka. Mahali penye maneno machache kiasi hicho, mwili ndio uliojaza pengo. Mkono ulionyoosha njia, kidole kilichoita, kofia ya helmeti iliyosukumwa nyuma kwa hasira, buti lililopiga kokoto: hizo ndizo zilizokuwa sarufi ya machimbo. Na wafanyakazi walikuwa na sarufi yao: kuinama polepole, kutazama chini kwa muda mrefu kupita adabu, kufyonya mgeni asiposikia, kuondoka usiku bila kuaga. Mwenye kiburi aliiona miili hiyo mizito akasema kwamba Mwafrika ni mvivu. Hakujua kwamba alikuwa anajibiwa.

Hapo ndipo ulipo msiba wa mawasiliano ya namna hiyo. Mkao wa heshima, ambao kijana wa Rungwe aliujua kuwa nusu ya mapatano, nusu ya pili ikiwa ni wajibu wa mkubwa, ulipokewa machimboni kama haki ya bwana isiyodai kitu kwake. Shikamoo ilitolewa, marahaba haikurudi. Aliyetazama chini kwa adabu alihesabiwa kuwa ana hila kwa sababu haangalii mtu usoni; na aliyejifunza kuangalia usoni alihesabiwa kuwa ni mjeuri. Kibarua hakuwa na mahali pa kuyaweka macho yake.

Vita Vikuu vya Pili viliyaondoa mengi ya machimbo yale madogo, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 wimbi la dhahabu la Lupa lilikuwa limepwa. Lakini mkao ulibaki katika mashamba ya chai na pareto ya nyanda hizo, katika ofisi za bomani na katika viwanda vya mijini. Uhuru ulipofika mwaka 1961, ilidhaniwa na wengi kwamba mtu mweusi akiketi katika kiti cha mtu mweupe, kiti chenyewe kitabadilika. Haikuwa hivyo daima. Wako walioketi kwa namna ile ile, wakaegemea kwa namna ile ile, na kumwacha mgeni amesimama mlangoni kwa namna ile ile. Watu waliita tabia hiyo unyapara, wala hawakuhitaji kufafanua.

Mwalimu Nyerere alilielewa jambo hili mapema. Mwezi wa Januari 1962 aliacha uwaziri mkuu, akaenda kuzunguka nchini kuijenga TANU. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hata Mwanza kuliunga mkono Azimio hilo. Njia ile ni ndefu, na angaliweza kuipita kwa gari kwa saa chache. Lakini azimio lililowataka viongozi waache mali na ukubwa lilihitaji kusemwa kwa miguu yenye vumbi. Kwa kitendo hicho Rais wa nchi alirudi katika nafasi ya kirangozi: mtu anayeonekana, aliye mbele, na mwenye kuchoka pamoja na wanaomfuata. Neno ndugu lilienea badala ya bwana, na mavazi ya viongozi yakawa mepesi zaidi. Mwalimu alikuwa na kifimbo chake mkononi, lakini watu waliokitazama hawakukumbuka nyapara. Ushahidi kwamba si fimbo yenyewe inayosema, ni mkono na historia ya mkono.

Mwezi wa Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, na fungu la 15 likagusa kiini cha jambo hili. Lilidai usawa ujengwe kwa makusudi kati ya viongozi na wanaoongozwa, na likamkataza kiongozi wa Tanzania kiburi, anasa, dharau na uonevu. Pengine hapajatokea mara nyingi duniani chama cha siasa kuandika katika hati yake kubwa namna mkubwa anavyopaswa kujichukua mbele ya mdogo. Wafanyakazi walilisoma fungu lile, wakalishika kwa moyo. Kati ya mwaka huo na 1973 migomo mingi ilitokea katika viwanda na makampuni, hasa Dar es Salaam, na Issa Shivji, aliyeichunguza, ameonyesha kwamba mengi ya malalamiko hayakuwa juu ya mshahara bali juu ya matusi, ubabe na dharau za mameneja. Watu waliacha kazi kwa sababu ya jinsi walivyosemeshwa. Wakubwa wengine walishangaa, kana kwamba dharau si kitu kwa kuwa haiandikwi katika daftari la mahesabu.

Lakini Nyanda za Juu Kusini zilitoa katika mwaka huo huo fundisho lililo zito kuliko yote. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alikwenda Isimani, ambako vijiji vya ujamaa vilikuwa vikianzishwa katika nchi ya wakulima wakubwa wa mahindi. Alimkuta Saidi Mwamwindi shambani, wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi akamwua. Kisha aliupakia mwili wake katika gari la marehemu mwenyewe, akaupeleka polisi mjini Iringa. Alishitakiwa katika Mahakama Kuu, na hoja kwamba alichokozwa ilitolewa, isikubaliwe, akahukumiwa kunyongwa.

Habari hii imesimuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Wako wanaomwona Kleruu kuwa shahidi wa ujamaa aliyeuawa na bepari, na wako wanaomwona Mwamwindi kuwa mtu aliyedhalilishwa katika shamba lake mwenyewe. Hapana udhalilishaji unaoweza kuhalalisha kumwua mtu, na mahakama ilisema neno lake. Lakini mwanahistoria hawezi kuishia hapo. Dk. Kleruu alikuwa mtu wa elimu ya juu, mwenye bidii, aliyetoka ofisini siku ya sikukuu akaenda shambani kwa miguu yake. Kama kuwapo tu mahali pa kazi kungalitosha kuwa uongozi, yeye alikuwapo. Msiba wa Isimani unaonyesha kwamba kuja karibu kwa mwili, bila kusikilizana, si ukaribu. Mtu aweza kutembea maili nyingi kwenda kwa mkulima na akifika asimame juu yake. Kuongoza kukageuka kusimamia katika hatua ya mwisho tu, na hatua hiyo ikatosha.

Miezi mitano baadaye, Mei 1972, viongozi wa TANU walikutana Iringa hiyo hiyo na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo, lililoweka mkazo juu ya kanuni za kilimo bora. Katika miaka iliyofuata picha ya kiongozi aliyeshika jembe ikawa ya kawaida mno magazetini. Hapo ndipo hatari ya pili ilipozaliwa. Jembe linaloshikwa kwa dakika kumi, mbele ya mpiga picha, katika shamba ambalo wengine wamekwisha kulisafisha, ni maneno matupu yaliyosemwa kwa mikono. Wakulima wana methali ya kale kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haikusudii jembe la kuonyesha, yakusudia jembe la kulima. Mtu wa kijijini huitazama mikono ya mkubwa, akajua mara moja kama ina sugu. Baadaye, siasa ilipobadilika na vyama vingi viliporudi mwaka 1992, neno ndugu lilififia na neno mheshimiwa likatamalaki. Na pamoja na neno hilo ukarudi mlango wa gari unaofunguliwa na mtu mwingine.

Makongolosi nayo iliamka tena. Sheria za madini za miaka ya 1979, 1998 na 2010 zilizidi kumtambua mchimbaji mdogo, na leseni ya uchimbaji mdogo ikatengwa kwa raia. Mwaka 2019 masoko ya madini yalianza kufunguliwa nchini, na Chunya likawako moja. Leo mabonde na vilima ambamo Mkaburu alisimama juu ya Mnyakyusa vina maduara ya Watanzania wenyewe, na mawe yanayotolewa husagwa kwa makarasha ya Watanzania. Bwana wa zamani hayupo. Je, mkao wake umekwenda naye?

Jibu halipatikani kwa kuuliza nani ana leseni. Hupatikana katika mpango wa kazi. Duarani, mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji hugawana mawe yaliyopatikana, mfuko kwa mfuko. Wala mchimbaji hana uhakika wa kitu mpaka mgao ufanyike. Kwa hiyo saa ya mgao kila jicho husema. Mwenye duara anayehesabu mifuko hadharani, akiwa amechutama pamoja na watu wake, amefanya tendo la haki hata kabla hesabu haijaisha. Anayehesabu akiwa amewapa mgongo amekwisha kupanda shaka, ijapokuwa hesabu yake ni sahihi. Ndiyo maana mizani ya sokoni, iliyowekwa mahali ambapo muuzaji aweza kuiona kwa macho yake, ni zaidi ya chombo. Ni desturi mpya ya kusimama uso kwa uso.

Chini ya ardhi somo ni kali zaidi. Huko sauti hupotea, na mtu wa juu humjua mtu wa chini kwa kamba: ikitikiswa kwa namna waliyopatana, mfuko huvutwa, au mtu huvutwa. Hapo mawasiliano ya kazi yamepunguzwa mpaka yamebaki mikono miwili katika ncha mbili za kamba moja. Aliye juu hawezi kumwona aliye chini, na aliye chini ameweka uhai wake katika usikivu wa mkono asiouona. Hakuna cheo kinachofaa kitu katika saa hiyo isipokuwa uangalifu. Na msimamizi ambaye mwenyewe hushuka, akagusa matimba na kutazama mwamba kabla hajawatuma wengine, hupata utii ambao mwenzake wa kivulini hataupata kwa makelele. Watu hawamtii kwa sababu ni mrefu au ana sauti nene. Wanamtii kwa kuwa mwili wake umekwenda mahali anapoituma miili yao.

Ukiangaliwa mwendo huu wote, kutoka njia ya wapagazi hata kamba ya duara, mambo matatu yanadhihirika. La kwanza ni kwamba heshima ya mwili si utumwa, maadamu inajibiwa. Goti la kijana wa Unyakyusa na shikamoo ya Mswahili vilikuwa mapatano, vikaharibika pale mkubwa alipochukua sehemu yake akaiacha deni lake. La pili ni kwamba dharau ni jambo la kazi sawasawa na mshahara; wafanyakazi wa 1971 walilijua hilo, na wasomi wakachelewa kulijua. La tatu ni kwamba kuonekana kwa kiongozi, ambako kila zama husifiwa, hakuna thamani kwa kwenyewe. Nyapara alionekana kila siku, tangu mapambazuko hata magharibi. Kirangozi naye alionekana. Mmoja alionekana ili wengine wasipumzike, na mwingine ili wengine wasipotee.

Lugha ya Kiswahili imeyahifadhi maneno yote mawili, kusimamia na kuongoza, wala haikulitupa hata moja, kwa maana kila kazi huhitaji mtu wa kuiangalia na mtu wa kuionyesha njia. Lakini kila anayepewa cheo, iwe katika duara la Makongolosi au katika ofisi ya Mbeya na Iringa, atapimwa na walio chini yake kabla hajafungua kinywa, kwa mahali anapoiweka miguu yake. Nao hawatamwambia walichokiona. Wataendelea na kazi, kwa haraka au polepole, na yeye atalazimika kuusoma mwendo wa mikono yao, kama wao walivyousoma mwili wake.